Bakuli Zima la Uji

Rouen, 9 Septemba 2008

Mzee Pei,

Nimefika. Safari sina la kuieleza: nililala, nikaamshwa, nikaletewa kuku, nikalala tena. Chumba walichonipa kiko ghorofa ya tatu, juu ya duka la mishumaa. Kina kitanda, meza, na dirisha linalotazama ukuta. Ukuta wenyewe si mbaya.

Naandika kama tulivyokubaliana. Simu zetu unazijua: umekula, nimekula, halafu tunasikilizana tukihema mpaka kadi inaisha. Kwenye karatasi mtu angalau analazimika kufika chini ya ukurasa.

Kiongozi wa muziki ni mwanamke, Bérengère, mfupi, nywele kama waya wa kusugulia sufuria. Anapiga fidla kubwa anayoibana katikati ya magoti. Muziki wao huu ni wa zamani za wafalme, umri wa babu za babu zake, na anauzungumzia kama habari za jana. Mkalimani wetu ni Hao Jinglan, mwanafunzi kutoka Wuhan. Mwimbaji mkuu wa kiume ni Anselme, mnene, sauti inatoka tumboni kama pipa linabingirishwa. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini, akamwambia Jinglan:

"Muulize, kwao waimbaji wote ni wembamba hivi?"

"Mwambie kwetu tunaimba kabla ya kula, si baada."

Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ananiita Mama na ananibebea mfuko.

Uliniuliza mchezo unahusu nini. Ni mjumbe wa mfalme wetu anayetumwa kwa mfalme wao. Wanapeana zawadi, wanacheza dansi. Mimi naimba opera yetu ya kunqu, wao wanaimba ya kwao, na mahali fulani tunakutana. Hakuna zaidi.

Kiti cha mpiga filimbi bado kiko wazi. Bérengère ameandika jina lako kwenye kikaratasi akakibandika kwenye mgongo wa kiti. Amelikosea, limekuwa kama jina la jibini. Nimemwambia hutakuja. Hajakibandua.

Shuheng


Suzhou, 20 Septemba 2008

Shuheng,

Barua imefika jana.

Bomba la jikoni liliziba, nimelizibua. Bibi Weng wa chini alipanda kulalamika kwamba maji yetu yanadondokea kabichi zake za chumvi. Nikamwambia limeshatengenezwa. Akasema, "Mtu akikaa peke yake hata maji yanamkosea adabu." Jioni akaniletea sahani ya hizo kabichi.

Kuja siwezi. Vidole vya mkono wa kushoto vinauma tangu baridi ya mwaka jana, na daktari amesema nivipumzishe. Mwambie huyo mama abandue kikaratasi.

Kuhusu uimbaji: vyombo vyao vya zamani vinawekewa sauti ya chini kuliko vyetu, karibu nusu hatua. Usishindane navyo. Shuka, utapata pumzi ndefu zaidi. Na kwenye neno lile unalolivuta, ingiza hewa kabla hujaihitaji. Hilo nimekuambia miaka ishirini.

Mwezi mpevu ulikuwa tarehe kumi na nne. Sikutoka kuutazama. Keki nilizoletewa na watu wa kikundi nimempa Bibi Weng.

Rongzhou


Rouen, 1 Oktoba 2008

Mzee Pei,

Nimeshuka kama ulivyosema. Ni kweli, pumzi imeongezeka. Bérengère aliuliza nani amenifundisha kati ya Ijumaa na Jumatatu. Nikamwambia ni yule aliyeko kwenye kikaratasi.

Tatizo ni filimbi. Wamemleta mama mmoja mtulivu mwenye filimbi ya mti, inapulizwa kwa ubavu kama yetu, ila haina ule utando juu ya tundu, kwa hiyo haitetemi. Sauti inatoka safi kama sahani iliyooshwa. Anapiga vizuri. Lakini anafuata karatasi yake. Nikivuta neno, ananingoja kama mtu anayengoja lifti. Nikamwambia kupitia Jinglan, "Usiningoje. Njoo nami."

"Nije wapi?" akauliza. "Hapa pameandikwa nukta, yaani simama."

Hakuwa na nia mbaya. Kweli pameandikwa nukta.

Bérengère ameomba kitu kimoja: urekodi huo wimbo mkuu, filimbi peke yake, ili huyu mama asikie jinsi inavyopumua. Noti nimeziambatisha. Maneno sikuyaandika, hayatakusaidia. Ni maneno ya mjumbe na salamu zake. Kama vidole vinauma, piga polepole. Mara moja tu inatosha.

Unauliza hali yangu. Hapana, hukuuliza, lakini najibu. Nakula, nalala, naimba. Mwili unajua kazi yake. Mimi nasimama pembeni kama mtu aliyeshikishwa koti la mwenzake.

Shuheng


Suzhou, 14 Oktoba 2008

Shuheng,

Diski iko ndani ya bahasha, nimeifunga kwa kitambaa. Nimepiga mara mbili. Ya pili ni bora.

Noti hizi si za dansi. Sauti ya chini inashuka hatua nne, inarudi juu, inashuka tena, haiachi. Mjumbe gani anatoa salamu za namna hiyo?

Baridi imeanza. Nimetoa mablanketi.

Rongzhou


Rouen, 26 Oktoba 2008

Rongzhou,

Diski imefika. Waliiweka kwenye redio ya ukumbini, mama wa filimbi akafumba macho. Nilisikiliza mpaka pumzi ya tatu, nikatoka nje.

Huyo si wewe. Huyo ni Tang Huifen wa kikundi chetu. Huifen anavuta hewa kwenye kona ya mdomo na mwisho wa mstari anakaza kidogo, kama mtu anayefunga mlango asionekane anaufunga. Nimekaa mbele ya filimbi yako tangu nina miaka ishirini na minne. Ulidhani sitajua?

Hukutaka kupiga, ungeandika sitaki. Neno moja. Badala yake umeandika nimepiga mara mbili, ya pili ni bora. Umekaa pale mezani ukatunga na hiyo ya pili.

Hii ni mara ya pili unanidanganya. Mara ya kwanza sijaisema kwa miaka miwili, basi leo naisema, kwa kuwa niko mbali na sitauona uso wako. Asubuhi ile nilikupigia simu kutoka Hangzhou nikakuuliza Xiaoman yuko vipi. Ulisema amekula bakuli zima la uji. Ulisema nenda ukaimbe. Hangzhou na hospitali ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi. Ningefika kabla ya saa sita mchana. Nilikwenda nikapaka rangi usoni, nikaimba, nikapigiwa makofi, na binti yangu akafa saa kumi kasoro dakika kumi nikiwa nimesimama kwenye taa.

Bakuli zima. Sijawahi kukuuliza kwa nini. Nilidhani utasema mwenyewe.

Yan Shuheng


Suzhou, 6 Novemba 2008

Shuheng,

Ni kweli, ni Huifen. Nilimwomba, akakubali, tukarekodi kwenye chumba cha mazoezi wakati wengine wamekwenda kula. Samahani.

Vidole haviumi. Filimbi sina. Siku ya mazishi, kabla hawajamwingiza kwenye tanuri la maiti, nilimwekea filimbi yangu ndani ya mkono wa koti lake. Hakuna aliyeniomba. Niliona tu anakwenda bila kitu mkononi. Mhudumu aliniona, akatazama pembeni. Wewe ulikuwa umeketi na shangazi zako. Tangu hapo nimeingia duka la vyombo mara tatu. Ninashika moja, ninaipima, ninairudisha. Kwenye kikundi ninapanga noti na kubeba viti. Huwa nakuambia nimetoka mazoezini, na ni kweli nimetoka mazoezini.

Sasa na mimi nina la kuuliza. Huifen ana binamu yake Paris. Binamu amesoma kwenye gazeti la Wachina wa huko kwamba mchezo wenu hauna mjumbe. Ni mama anayeshuka kwa wafu kumfuata binti yake. Huifen aliniambia wakati tunakunja viti, akidhani najua. Nikasema ndiyo, najua.

Kuhusu asubuhi ile sina la kusema.

Bibi Weng anakusalimia. Alisema, "Mwambie mkeo arudi, wewe umekuwa mtu wa kuongea na sufuria."

Rongzhou


Rouen, 17 Novemba 2008

Rongzhou,

Basi tumelingana. Ndiyo, ni mama na binti. Nilijua kabla ya kusaini. Walinitumia hadithi nzima mwezi wa Machi, nikaificha chini ya mchele kwa kuwa wewe hufungui mchele.

Nikueleze nilichokuwa nafikiri. Tangu mazishi sijalia. Wewe unajua. Shangazi zangu walilia, Huifen alilia, hata dereva wa gari alilia. Mimi nilimimina chai. Nilidhani itakuja wiki ijayo, halafu mwezi ujao, halafu sikukuu. Ulipokuja mchezo huu nikasema, nitasimama hapo kila siku nimwite mtoto kwa sauti yangu yote, na siku moja kitu kitapasuka. Rongzhou, hakijapasuka kitu. Namwita kila siku saa nne asubuhi. Halafu tunapumzika, tunakula mkate.

Juzi tuligombana na Bérengère. Anataka machozi kwenye tukio la mwisho, pale mfalme wa wafu anapomwambia mama, mwone, lakini humchukui. Nikamwonyesha tunavyofanya sisi: mkono wa hariri unapanda mpaka chini ya jicho, uso unageuka, basi. Mtu wa kiti cha mwisho anajua kwamba huyu analia.

"Ni nzuri," akasema, "lakini ni ya baridi. Nataka nikusikie wewe."

"Mimi ndiye huyo."

"Hapana. Hiyo ni shule yako." Akaweka fidla chini, akanijia, akanishika mabega. "Jaribu kufikiri. Una mtoto, umempoteza. Jaribu tu kufikiri ingekuwaje."

Jinglan akatafsiri neno kwa neno, maana hata yeye hajui. Sikuwaambia chochote tangu nimefika. Nikajibu, "Nitajaribu."

Nasema haya ili ujue nilivyo. Sasa jambo lenyewe. Shule moja ya muziki huko Lyon inataka nikafundishe mwaka ujao, pengine miwili. Wanataka jibu kabla ya sikukuu zao. Sina sababu ya kukubali wala ya kukataa. Naitazama barua yao kama nautazama ule ukuta.

Lakini siwezi kurudi kwenye nyumba ile, kwenye meza ile, na mtu anayesema sina la kusema. Nieleze asubuhi ile. Hata kama jibu ni kwamba ulitaka uwe peke yako naye, sema. Usiponieleza, nitakwenda Lyon, na nguo zangu mgawie Huifen.

Tunafungua tarehe kumi na mbili Desemba.

Shuheng


Suzhou, 27 Novemba 2008

Shuheng,

Leo ni Alhamisi, mvua. Nitaandika mpaka mwisho, kisha nitakwenda posta kabla sijaisoma.

Nilimwahidi Xiaoman sitakuambia. Ahadi hiyo nimeitunza miaka miwili kasoro siku sita. Naivunja.

Daktari aliniita nje saa kumi na mbili asubuhi. Alisema siku moja, labda mbili. Niliporudi ndani alikuwa macho, mto ameuinua mwenyewe.

"Amekwambia nini, Baba?"

"Amesema upumzike."

"Wewe hujui kudanganya kabisa," akasema. "Na leo itabidi ujue."

Nikauliza kwa nini.

"Mama akipiga simu, mwambie nimekula uji."

"Hujala uji."

"Mwambie bakuli zima. Usiseme nusu, ataanza kuuliza nusu nyingine iko wapi."

Nikamwambia mama yako anapaswa kuja. Nikasema naweza kumpigia sasa hivi, atakuwa hapa kabla ya chakula cha mchana. Alinishika mkono. Unakumbuka mkono wake ulivyokuwa siku zile, mwepesi. Akasema:

"Mama akija atalia. Halii kama jukwaani, Baba, analia kweli kweli, mpaka wauguzi wanakimbilia. Akilia nitaogopa. Mpaka sasa sijaogopa. Wewe hulii, wewe unakuwa kama kabati. Leo nataka kukaa na kabati."

Nikasema, "Haya." Ndilo neno nililosema. Haya.

"Na usimwambie kwamba nimesema hivi. Hata baadaye. Atajisikia vibaya."

"Haya."

Ulipopiga, saa moja na nusu, nilisema yale niliyosema. Alikuwa ananitazama. Nilipomaliza akaninyanyulia kidole gumba, kama mwalimu.

Usidhani hakukutaka. Kwenye ukuta wa chumba kile kulikuwa na saa kubwa. Saa saba mchana alisema, "Sasa anajipaka nyeupe." Saa nane akasema, "Sasa wanamfunga kichwa, anawagombeza." Nikasema mama yako hagombezi mtu. Akasema, "Anagombeza. Wewe unakuwa na filimbi huko mbele, huoni. Mimi ndiye nakaa naye nyuma." Akaniambia unavyogombeza, kwa sauti yako. Nilicheka. Nilisahau kidogo tulipo, nikacheka, na yeye akacheka.

Saa tisa nilidhani amelala. Saa tisa na nusu alifumbua macho, akatazama ukutani, akasema, "Anaingia."

Niliwauliza baadaye watu wa Hangzhou. Uliingia saa tisa na nusu kamili.

Hakusema kitu kingine. Baada ya dakika ishirini akaenda.

Kosa langu silo uji. Kosa langu ni kwamba nilihesabu kuna kesho. Nilipanga ukishamaliza kuimba nikupigie, uje na basi la jioni, umkute asubuhi, na kama utalia basi ulie. Daktari alisema siku moja, labda mbili. Mimi nilichukua mbili.

Ulipofika na rangi bado iko masikioni ukaniuliza, "Ulisema alikula?", ningeweza kujibu. Niliona afadhali unichukie mimi kuliko ujue kwamba aliogopa kilio chako. Halafu ukaacha kulia kabisa, nami nikashindwa nianzie wapi.

Sasa umejua. Lyon nimeitazama kwenye ramani. Ina mito miwili.

Rongzhou


Rouen, 14 Desemba 2008

Baba Xiaoman,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilisoma nimesimama kwenye ngazi, chini ya taa ya duka la mishumaa. Nikaikunja, nikaenda mazoezini, nikaimba. Hakuna aliyeona tofauti, maana haikuwepo. Jumanne niliisoma tena, Jumatano tena. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa sindano ya jino, anagusa shavu na kujua tu kwamba ni lake.

Ijumaa tulifungua. Viti vyote vilijaa. Bérengère alinifuata nikijipodoa, akasema, "Sikudai machozi tena, sitaki. Fanya la kwenu." Nadhani alikuwa amechoka kubishana. Nikamshukuru.

Nilifanya la kwetu. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, hatua saba kwenda kwa mfalme wa wafu, hatua tatu kurudi nyuma. Binti anaimbwa na msichana mmoja wa hapa, Clémence, ana sauti nyembamba nzuri na anavaa nyeupe. Alisimama kwenye moshi. Vyombo vikaanza kushuka zile hatua nne. Zamu yangu ilifika na mimi sikuimba. Sikusahau. Nilimtazama tu. Wakashuka tena, wakarudi juu, wakashuka tena, Bérengère ananitazama kwa macho makubwa na mkono wake hausimami. Mara ya nne nikaingia. Mama wa filimbi hakuningoja, alikuja nami moja kwa moja. Huyo Huifen amemfundisha kweli. Nikaimba mpaka mwisho. Watu wa mbele walilia. Mimi nilikuwa nahesabu hatua.

Nyuma ya pazia Anselme alikuja na taji lake, jasho linamtoka, akasema, "Mama, mimi ndiye mfalme wa wafu, na leo nusura nikurudishie mtoto, kesi iishe, sote twende tukale."

Nikamwambia, "Wangu alikufa. Alikuwa na miaka kumi na mitano."

Jinglan alianza kutafsiri akanyamaza katikati. Akatazama chini, kisha akamalizia. Anselme akavua taji. Alikaa kwenye sanduku la nguo karibu nami na yale mavazi yake yote, mpaka walipokuja kuzima taa. Bérengère naye amepata habari. Jana alinipikia supu, akaimwaga kwa kuwa aliona haina ladha, akapika nyingine.

Sikulia Ijumaa, wala jana. Nakuambia kweli kwa kuwa tumekwisha danganyana vya kutosha.

Leo Jumapili nilikwenda sokoni. Nilikuwa nanunua vitunguu majani. Yule mama wa kibanda amenizoea. Mimi sijui lugha yake naye hajui yangu, tunaonyeshana vidole. Aliniuliza jambo, nadhani aliniuliza kama ni vya mtu mmoja. Alinyanyua kidole kimoja. Nikatingisha kichwa, nikanyanyua vitatu.

Sijui kwa nini vitatu. Nilivitazama vidole vyangu, na hapo ikatoka.

Rongzhou, alisema kweli. Ni kilio kibaya. Sikujua ninalia hivyo, kama mnyama aliyebanwa mlangoni. Mama wa kibanda aliruka meza, akanishika. Mumewe akaja, muuza samaki akaja, polisi mmoja akaja, akamleta mwenzake. Walikuwa wanaulizana nani kafa. Hilo halihitaji mkalimani. Mtoto mdogo aliyekuwa karibu alimng'ang'ania mama yake mguuni. Nilimwona. Aliogopa sana. Nikamwona na sikuweza kuacha.

Kwa hiyo sasa najua ulichosikia asubuhi ile, na alichoomba, na kwamba alikuwa na haki. Ningekuja, ningelia, angeogopa. Ningejaribu kujizuia na nisingeweza. Wewe uliweza. Ulikaa kama kabati mpaka saa kumi kasoro dakika kumi, halafu ukaendelea miaka miwili, na mimi nikakupitia kila siku nikidhani hakuna kitu ndani.

Lyon nimewaandikia hapana. Tunamaliza hapa tarehe ishirini na nane. Ndege inatua Shanghai tarehe tano Januari, asubuhi. Barua hii itakuwa imekufikia. Njoo uwanjani, nina mizigo.

Usidhani nimesamehe. Ile siku ya pili uliyoihesabu ilikuwa yangu pia, na hukuniuliza. Yeye alikuwa mtoto, alikuwa na haki ya kuomba. Wewe ulikuwa na haki ya kukataa. Nimelia soko zima, nimevimba uso, siwezi kushika kalamu vizuri, na bado nina hasira na wewe. Ni hasira kubwa, sijawahi kuiona yote. Sitaiacha huku kwa watu.

Nakuja nayo nyumbani.

Mama Xiaoman